Fomu na Nafsi ya Mtoto: Lipi Liulizwe, Lipi Liachwe

Katika mazoezi ya kufundisha tuliyoyasimamia kata ya Ndandalo, wilayani Kyela, tulimkuta mwanachuo mmoja amejitengenezea fomu ya kuwajua wanafunzi wake wa darasa la tatu. Alikuwa ameipiga mistari kwa rula, kwa uangalifu wa kupendeza. Iliuliza jina, umri, jinsi, kijiji, kazi ya mzazi, kabila, dini, na mwishoni kabisa mtoto anaishi na nani. Aliijaza kwa kuwasimamisha watoto mmoja mmoja mbele ya wenzao na kuwauliza kwa sauti. Ilipofika zamu ya binti mmoja na kuulizwa kabila lake, alinyamaza. Swali likarudiwa. Ndipo mtoto wa dawati la nyuma akamjibia: "Mkisi huyo, mwalimu, kwao wanafinyanga vyungu." Darasa likaangua kicheko. Binti yule hakuonekana shuleni kwa siku mbili.

Jioni tulipoketi na mwanachuo wetu kuchambua kazi ya siku, tulimwuliza jambo moja tu: majibu haya utayafanyia nini? Alifikiri kitambo, kisha akasema, "Nilidhani fomu ni lazima iwe nayo." Jibu lile lilikuwa la kweli, nasi tunaliheshimu kwa ukweli wake. Walio wengi kati yetu tumejaza fomu tangu utotoni pasipo kujiuliza ni nani aliyeamua kisanduku kipi kiwepo na kipi kisiwepo.

Yafaa kwanza tukumbuke tofauti iliyopo baina ya swali la jirani na swali la fomu. Jirani akikuuliza wewe ni mtu wa wapi, waweza kumweleza kwa kirefu, au kumcheka, au kugeuza mazungumzo. Fomu haina masikio ya namna hiyo. Inakutaka uingie katika kisanduku, na ukiisha kuingia, yule atakayeisoma baadaye hataiona sura yako wala kuusikia ufafanuzi wako. Isitoshe, mwenye kuuliza ana mamlaka juu ya mwenye kujibu, na pale ambapo mwenye kujibu ni mtoto wa miaka tisa aliyesimamishwa mbele ya wenzake arobaini, mamlaka hayo huwa makubwa mno.

Nchi hii ya Kyela yenyewe ni shule nzuri ya jambo hilo. Wajerumani walipotawala waliwaita wenyeji wa bonde hili Wakonde. Jina la Wanyakyusa lilikuwa hasa la watu wa pande za ziwa, ilhali waliokaa vilimani walijitambua kwa majina mengine, kama vile Wakukwe na Waselya. Waingereza nao, chini ya Gavana Donald Cameron, walipoanzisha mwaka 1926 utawala wa kupitia machifu, walihitaji kila mtu awe na kabila moja lenye jina moja katika vitabu vya serikali, na jina la Wanyakyusa likaenea hadi kuwafunika wote. Ng'ambo ya mto Songwe walibaki Wangonde, ambao lugha yao na Kinyakyusa ni ndugu wa tumbo moja. Godfrey na Monica Wilson, waliofanya utafiti hapa katika miaka ya 1930, waliandika kuhusu desturi iliyowastaajabisha wasomaji wa mbali: vijana wa rika moja waliondoka kwa wazazi wao na kujenga kijiji chao wenyewe, wakaishi humo pamoja hata uzeeni. Mtu wa zamani zile angeulizwa yeye ni nani, yumkini angetaja rika lake na kijiji chake kabla ya jambo jingine lolote. Karani hakuwa na kisanduku cha rika. Na Songwe wenyewe, kama wakazi wa kando yake wajuavyo, huhama mkondo wakati wa mafuriko, hata shamba lililolala upande wa Tanzania likajikuta upande wa Malawi.

Kwa hiyo tusidhani kwamba fomu hukusanya tu yale yaliyopo. Mara nyingine huyaumba.

Waliouongoza Uhuru wetu walilifahamu hilo. Chini ya wakoloni shule zilitengwa kwa rangi, za Wazungu mbali, za Waasia mbali, na za Waafrika mbali, mpaka mfumo huo ulipoondolewa mwaka 1962. Sensa ya mwaka 1967, iliyotuhesabu kuwa watu milioni 12.3, iliuliza kabila na dini. Ilikuwa ya mwisho kufanya hivyo. Sensa za 1978, 1988, 2002, 2012 na 2022 zote ziliyaacha maswali hayo, na hii ya mwisho ilihesabu watu milioni 61.7. Si kwamba wote waliridhika. Mwaka 2012 baadhi ya viongozi wa Kiislamu walidai swali la dini lirudishwe, kwa hoja kwamba idadi za waumini zilikuwa zikitajwa ovyo pasipo msingi, na wengine wakawataka wafuasi wao wasihesabiwe. Serikali ilishikilia kwamba mipango ya maji, shule na zahanati haihitaji kujua anayehudumiwa anasali wapi. Sisi twaiona hoja ya serikali kuwa ndiyo nzito zaidi, lakini hatuwezi kuidharau ile ya pili, kwani asiyehesabiwa huogopa kwamba amesahauliwa.

Jirani zetu wa Rwanda walilipa gharama ambayo hakuna mwalimu apaswaye kutoijua. Wabelgiji, katika miaka ya 1930, waliwaandikisha watu wote na kuwapa vitambulisho vilivyotaja Mhutu, Mtutsi au Mtwa. Neno hilo moja lilibaki kwenye vitambulisho hata baada ya uhuru. Mwaka 1994, katika vizuizi vya barabarani, waliosimamishwa walitakiwa kukionyesha kitambulisho, na kwa neno hilo wengi waliuawa. Karani aliyelijaza zamani hakuwa na nia ya kuua mtu. Baada ya mauaji yale Rwanda ililifuta neno hilo katika vitambulisho.

Je, basi tuseme kwamba kunyamaza ni salama daima? Hasha. Sensa yetu ya 2012 iliuliza kuhusu ulemavu, na ualbino ukiwamo, wakati ambapo wenye ualbino walikuwa wakiwindwa na kukatwa viungo. Idadi yao ilihitajika ili wapangiwe ulinzi na matibabu ya ngozi. Lakini tazama tofauti: idadi kwa wilaya ni msaada, bali orodha ya majina na nyumba zao, ikianguka mikononi mwa waovu, ni ramani ya mwindaji. Swali ni lile lile. Kinachobadilika ni nani atakayeshika jibu, na kwa sura gani.

Kenya nako kulitokea kesi ambayo ingefaa ijadiliwe katika kila chuo cha ualimu. Mtoto alizaliwa akiwa na maumbile ya jinsi zote mbili, yaani huntha, na katika karatasi za hospitali, penye nafasi ya jinsi, pakaandikwa alama ya kuuliza. Mama yake alikwenda mahakamani kumpigania, na mwaka 2014 Mahakama Kuu ikaamua kwamba watoto wa namna hiyo wana haki ya kutambuliwa na sheria. Sensa ya Kenya ya 2019 ikawa na nafasi ya tatu, nayo ikahesabu watu 1,524 waliojitaja hivyo. Mtoto yule hakudhuriwa na swali la jinsi lenyewe. Alidhuriwa na fomu iliyokuwa na visanduku viwili tu.

Wapo wanaokwenda mbele zaidi. Sensa ya Uingereza na Wales ya mwaka 2021 iliwauliza wenye miaka 16 na kuendelea kuhusu mwelekeo wao wa kimapenzi, na kama jinsi wanayojitambua nayo ni ile iliyoandikwa walipozaliwa. Kujibu kulikuwa hiari. Swali la pili liliwatatiza baadhi ya watu wasiokijua Kiingereza vema, na mwaka 2024 takwimu zake zikashushwa kutoka daraja la takwimu zilizothibitishwa. Ikiwa nchi yenye watakwimu wengi hivyo ilijikwaa kwa maneno ya swali, nasi tuyapime maneno yetu. Kwetu kuna jambo lililo zito kuliko lugha. Sheria ya Tanzania huyahesabu mahusiano ya kimwili baina ya watu wa jinsi moja kuwa kosa la jinai lenye kifungo kirefu. Fomu ya serikali, ya ajira au ya shule ikiuliza jambo hilo, inamtaka mtu ama adanganye ama ajishitaki kwa mkono wake. Swali lisiloweza kujibiwa kwa ukweli pasipo hatari halikusanyi maarifa yoyote, na msimamo wetu ni kwamba lisiulizwe. Kwa watoto wa shule ya msingi hata mjadala haupo.

Turudi darasani. Mwalimu huandikisha kwa kufuata cheti cha kuzaliwa na maneno ya mzazi, pembeni, wala si kwa kukisia sura au jina. Mzazi akikueleza juu ya mtoto wake jambo lisiloingia katika kisanduku, liandike kama cheti kisemavyo, umweleze mwalimu mkuu peke yake, na ikiwa ni la afya umwelekeze mzazi hospitali. Lisifike kamwe katika maongezi ya ofisi ya walimu, ambako, tukiri, siri hazikai. Rejista nayo ifungiwe kabatini. Tumeziona nyingi zikiachwa juu ya meza penye dirisha wazi.

Mwanachuo wetu wa Ndandalo aliifuta fomu yake na kuchora nyingine yenye mistari minne. Kabila na dini havikuwamo. Swali la mtoto anaishi na nani alilibakiza, maana tulipomwuliza tena atalifanyia nini, safari hii alikuwa na jibu: nani aitwe mtoto akiugua. Alilijaza wakati wa mapumziko, kila mtoto akija mezani kwake peke yake. Hapo ndipo alipogundua kwamba watoto kumi na mmoja wa darasa lile walikuwa wakilelewa na bibi zao, na barua ya mkutano aliyokwisha kuiandika, iliyoanza kwa "Ndugu Baba", akaikata na kuandika "Ndugu Mlezi".