Sumu ya mti wa Shimba Hills ilivyogeuzwa dawa ya kansa

Mgonjwa wa malaria kali akifikishwa hospitalini Kalemie, nchini Kongo, dawa inayopendekezwa kwanza ni sindano ya artesunati. Asili yake ni artemisini, kemikali ya majani ya mmea wa artemisia. Artemisini haiyeyuki vizuri majini, hivyo haifai kupitishwa mshipani. Wakemia waliibadili kidogo, ikakubali. Ufundi wa namna hiyo umezaa pia dawa kadhaa za kansa, na mojawapo ilianzia Afrika Mashariki.

Mwaka 1972 Morris Kupchan, mkemia wa Marekani, na wenzake walitangaza kwamba wamepata maitansini, kemikali inayoua seli za kansa, katika mti wa jamii ya Maytenus kutoka Ethiopia. Kilo nzima ya mti ilitoa kiasi kidogo mno. Ndiyo maana katika miaka hiyo ya 1970 Wamarekani walichukua zaidi ya tani 27 za Maytenus buchananii kutoka Shimba Hills, huko Kwale, pwani ya Kenya, ili wapate ya kufanyia majaribio.

Seli inapojigawa hujenga nyuzi nyembamba za protini zinazovuta kromosomu pande mbili. Maitansini huishika protini hiyo, nyuzi zisijengeke. Seli hukwama, kisha hufa. Tatizo ni kwamba haichagui. Wagonjwa walioijaribu walitapika, wakaharisha, wakaishiwa nguvu, na wachache tu walipata nafuu. Ikawekwa kando.

Baadaye wakemia waliirudia. Waliongeza kwenye molekuli hiyo kishikio cha salfa, wakaifunga kwenye trastuzumabu, kingamwili inayoitambua HER2, protini iliyojaa kwenye seli za baadhi ya kansa za matiti. Kingamwili hunata kwenye seli hiyo, humezwa nayo, na sumu hufunguliwa humo ndani. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2012, nusu ya wagonjwa waliopewa dawa hiyo waliishi zaidi ya miezi 30.9, kwa waliopewa tiba ya kawaida ilikuwa miezi 25.1. Marekani iliiidhinisha mwaka 2013. Inawafaa wenye HER2 nyingi tu, takriban mmoja kati ya wagonjwa watano wa kansa ya matiti.

Artesunati nayo huua seli za kansa maabarani, lakini bado si tiba ya kansa. Hakuna sababu ya kuinunua kwa ajili hiyo.

Kwa hiyo anayesema mti fulani unaponya kansa huenda hakosei kabisa kuhusu nguvu ya mti. Ila sufuria haipimi dozi, wala haielekezi sumu kwenye uvimbe pekee. Mwenye uvimbe kwenye titi, hata usiouma, aende hospitali ungali mdogo. Na kama ameshaanza kunywa mitishamba, amweleze daktari bila kuficha, kwani baadhi huumiza ini na kuvuruga dawa nyingine.