Drafti yatamba Thika na Ruiru, giuthi yasahauliwa

Katika miji ya Thika na Ruiru, penye kibao cha drafti hapakosi watu. Utakikuta kando ya kibanda cha fundi wa viatu, nyuma ya steji ya matatu, au chini ya mti karibu na lango la kiwanda saa ya chakula cha mchana. Wawili wameketi juu ya kreti za soda, kibao kiko katikati, na wengine sita au saba wamewazunguka. Wanaocheza hawasemi neno. Wanaotazama ndio wenye makelele, na hao hujua vizuri sana la kufanya baada ya mambo kuharibika.

Kibao chenyewe aghalabu ni kipande cha mbao kilichopigwa rangi, miraba 64, nusu myeusi na nusu myeupe. Kete ni vizibo vya chupa, 12 kwa kila mchezaji. Mmoja huvilaza chali na mwenzake kifudifudi, au mmoja akachukua vya bia na mwingine vya soda. Kwa vizibo, watu wa barabara hii hawana shida. Kenya Breweries ilianza kupika bia mwaka 1922 pale Ruaraka, katika njia hii hii ya kutoka Nairobi kuja Thika.

Lakini drafti, ambayo kitabuni huitwa dama, si mchezo wa asili wa huku. Mchezo wa Wakikuyu ni giuthi, na ndio tunaotaka kuuzungumzia leo, maana vijana wengi wa miji hii hata jina lake hawalijui.

Giuthi huhitaji ardhi na mbegu, basi. Wachunga mifugo walichimba safu mbili za mashimo madogo wakatia mbegu za mti au vijiwe, na ng'ombe wakila nyasi wao wakicheza. Siku hizi mtu akiyaona mashimo hayo husema tu, "Hilo ni bao." Si kosa kubwa, kwa kuwa michezo hii yote ni ya ukoo mmoja, ila kila mmoja una mambo yake. Bao la Kiswahili la pwani lina safu nne za mashimo manane na kete 64, na lina nyumba na mtaji na maneno mengine ambayo mgeni huchukua muda kuyazoea. Omweso wa Waganda pia una safu nne. Giuthi una safu mbili, nao ni jamaa ya ajua wa Waluo na enkeshui wa Wamaasai.

Wako wanaosema kwamba safu mbili ni mchezo wa watoto. Mimi sikubali. Chukua mashimo sita kila upande na mbegu sita kila shimo, nazo ni mbegu 72. Mchezaji akiokota za shimo moja na kuzipanda, ikawa ya mwisho imeangukia penye nyingine, ataziokota hizo aendelee, na pengine atazunguka mara tatu au nne kabla ya kusimama. Anayetaka kushinda lazima ayaone yote hayo kichwani kabla ya kunyosha mkono. Mwalimu wa hesabu angependa somo gani zaidi ya hilo?

Wala si jambo la jana. Huko Hyrax Hill, Nakuru, mashimo ya mchezo wa namna hii yamechongwa katika mwamba wenyewe. Ni mahali pale pale ambapo Mary Leakey alichimbua mabaki ya watu wa kale mwaka 1937 na 1938.

Basi kwa nini vizibo vikashinda? Sababu ya kwanza, kwa maoni yangu, ni reli. Iliingia Thika mwaka 1913, na baadaye vikaja viwanda, navyo vikaleta watu kutoka kila upande wa nchi. Mkamba, Mluo, Mluhya na Mkikuyu walikutana kwenye zamu moja, kila mmoja na hesabu yake ya mashimo aliyofundishwa kwao. Drafti haikuwa ya yeyote kati yao, kwa hiyo ikawa ya wote. Tena kibao hutiwa chini ya meza ya fundi wa viatu kazi ikianza. Shimo halibebeki.

Na drafti hiyo nayo haikubaki ya Kizungu. Ilianzia Ulaya, na mwaka 1756 William Payne wa London aliiandikia kitabu. Kwa kanuni za Waingereza, kingi hutembea hatua moja tu. Kingi wa vibanda vyetu huruka kutoka pembe hadi pembe, na ole wake aliyemsahau! Mwaka 2007 Jonathan Schaeffer wa Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, alitangaza kwamba kompyuta imeumaliza mchezo ule wa hatua moja: wote wawili wasipokosea, hakuna mshindi. Habari hiyo haijamzuia mtu yeyote wa Makongeni kumtambia jirani yake.

Sababu ya pili ni ardhi. Ruiru ulikuwa mji wa kahawa, na aina ya kahawa iliyotolewa mwaka 1985 inaitwa Ruiru 11 kwa ajili ya kituo cha utafiti kilichoko huko. Sensa ya 2009 ilihesabu watu 238,858 mjini humo. Ile ya 2019 ikapata 490,120. Mashamba yamekatwa ploti, ploti zimejaa nyumba za kupangisha, na penye uwazi pamemwagwa saruji. Mtoto wa ghorofa ya nne atachimba wapi?

Kinachonitia wasiwasi ni kwamba kanuni za giuthi zimo vichwani mwa wazee, na wazee hawakai milele. Mwaka 1979 Philip Townshend alichapisha katika jarida la Azania uchunguzi wa jinsi michezo ya mashimo ilivyoenea mashariki na kusini mwa Afrika. Ni kazi ya maana, lakini imeandikwa kwa Kiingereza kwa ajili ya wasomi, na mtoto wa shule ya Juja hataiona.

Kwa mwenye nia, trei mbili za mayai zinatosha, moja kwa kila mtu, akitumia mstari mmoja wa vishimo sita. Tieni maharagwe sita kila shimo. Okota za shimo moja la upande wako, uzipande mojamoja ukizunguka safu zote mbili. Ya mwisho ikiangukia penye mbegu, ziokote uendelee. Ikiangukia shimo tupu la upande wako, kula zilizo mbele yake kwa mwenzako. Upande wa kuelekea na mambo mengine madogo hutofautiana kijiji hadi kijiji, na kwa hayo mwulizeni guka, kama bado yuko. Mwambieni aje na miwani yake.