Mapatano ya Wengi, Saini ya Mmoja

Riwaya ya John Grisham, The King of Torts, ilitoka mwaka 2003, na hapa Bujumbura wengi wanaijua kwa Kifaransa kama La Transaction. Majirani zangu wa Mutanga Nord wanaazimana nakala moja, na kwa kuwa wanajua kazi yangu ni ya sheria, kila anayeimaliza huniletea maoni. Karibu yote ni ya hasira. Mwalimu mmoja anataka mawakili wa namna ile wafungwe. Kijana wa chuo kikuu anasema sasa amejua kwamba kesi za watu wengi ni biashara ya watu wachache. Lakini mama mmoja mwenye duka la vitenge aliuliza swali linalopita maoni yote hayo: "Maître, wale wagonjwa, nani aliwauliza kama wamekubali?"

Kwa asiyekisoma kitabu, kisa chenyewe ni hiki. Clay Carter ni wakili kijana wa Washington anayelipwa na serikali kuwatetea wasio na uwezo. Mtu asiyemfahamu anamletea siri za kampuni za dawa, na baada ya muda mfupi Clay ni tajiri mwenye ndege yake. Dawa mojawapo, Dyloft, ni ya maumivu ya viungo, nayo imewaotesha watu uvimbe kwenye kibofu. Clay anajitangaza kwenye televisheni, anakusanya wagonjwa, kisha anapatana na kampuni haraka kwa kuwa uvimbe ule unaonekana si saratani. Fedha zinalipwa. Baadaye uvimbe wa baadhi yao unageuka saratani, na saini walizokwisha kutia zimewafungia mlango.

Wasomaji wanaona hapo uroho wa wakili. Upo, na Grisham anauonyesha vizuri. Lakini wakili asiye na uroho angeweza kuwaumiza wagonjwa wale wale, kwa sababu tatizo liko ndani ya mapatano yenyewe. Aliyeugua leo anataka alipwe leo. Atakayeugua baada ya miaka mitano anataka fedha zibaki na mlango ubaki wazi. Hao wawili wakiwekwa chini ya wakili mmoja, kwa mapatano ya siku moja, mmoja wao lazima apoteze, na kwa kawaida hupoteza yule ambaye bado hajijui kuwa mgonjwa.

Mahakama Kuu ya Marekani ilikutana na jambo hili miaka 6 kabla ya riwaya kutoka. Katika kesi ya Amchem ya mwaka 1997, kampuni zilizotengeneza bidhaa za asbesto zilipatana na mawakili ili kumaliza kwa mkupuo madai ya watu wengi mno, wagonjwa pamoja na watu waliovuta vumbi lile lakini walikuwa bado wazima. Mahakama ilikataa. Kundi lenye maslahi yanayogongana kiasi hicho, ilisema, haliwezi kuwa kundi moja mbele ya sheria. Kanuni ya 23 ya mwenendo wa madai katika mahakama za shirikisho, iliyoandikwa upya mwaka 1966, inamtaka jaji ajiridhishe kwanza kwamba wadai ni wengi, shida yao ni moja, wanaowawakilisha wanafanana nao, na watawatetea kwa uaminifu. Mapatano ya kundi hayana nguvu mpaka jaji ayapitishe. Kwa hiyo jibu langu kwa yule mama ni kwamba anayepaswa kuwauliza wagonjwa ni jaji. Mawakili wanapokusanya wateja kila mmoja kwa mkataba wake, bila kundi lililothibitishwa, jicho hilo la jaji linaweza kukosekana kabisa.

Kijana wa chuo namjibu kwa mfano wa karibu zaidi. Huko Mombasa, katika mtaa wa Owino Uhuru, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilifunguliwa mwaka 2007 na kuwasambazia watu sumu ya madini ya risasi. Phyllis Omido, aliyekuwa mfanyakazi wa kiwanda hicho, aligundua kwamba mtoto wake ameathirika, akaanza kupiga kelele. Mwaka 2016 yeye na wenzake walifungua kesi kwa niaba ya mtaa mzima, jambo ambalo Katiba ya Kenya ya 2010 inaliruhusu katika ibara ya 22. Mwaka 2020 mahakama ya mazingira iliwapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3. Mwaka 2023 Mahakama ya Rufani ikaifuta. Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha. Miaka minane ya kusubiri, watoto wakikua na risasi mwilini! Hakuna tajiri mwenye ndege katika kisa hicho. Wapo wapangaji wa vyumba vya mabati ambao hakuna hata mmoja wao angeweza peke yake kulipa mtaalamu wa kupima damu na udongo.

Sasa turudi kwetu. Clay Carter hawezi kuzaliwa Bujumbura. Marekani iliwaruhusu mawakili kujitangaza tangu hukumu ya Bates ya mwaka 1977, na wakili wa huko huweza kukubali kulipwa sehemu ya fidia tu, mara nyingi theluthi, na akishindwa asipate kitu. Mapokeo ya Kibelgiji, ambayo sheria zetu zimeyarithi, hayakubali ada inayotegemea ushindi peke yake. Majirani zangu wanashangilia kusikia hivyo. Mimi nasita, kwa sababu mlango unaomzuia Carter unamzuia pia mnyonge.

Tuukumbuke moto wa soko kuu la Bujumbura, tarehe 27 Januari 2013. Mali ya maelfu ya wafanyabiashara iliteketea, na wengi walikuwa wamechukua mikopo benki. Chukua muuza viatu aliyepoteza mzigo wa faranga laki nane. Akitaka kumdai yeyote peke yake, ada ya avoka, nauli na siku za kuacha kazi zitakula madai yote kabla ya hukumu. Mwenye hasara kubwa anaweza kwenda mahakamani. Mwenye hasara ndogo anakaa nyumbani, na wenye hasara ndogo ndio wengi.

Ubelgiji wenyewe ulifungua njia ya kesi ya pamoja kwa sheria ya tarehe 28 Machi 2014, kwa ajili ya walaji, na inafaa wanasheria wetu waisome kwa makini. Wakili hawezi kuianzisha kwa jina lake akitafuta wateja. Ni lazima chama kinachotambuliwa kisimame mbele. Jaji ndiye anayepitisha mapatano. Kisha anateuliwa mtu wa kusimamia malipo, aone nani amelipwa na nani bado. Kwa vifungu vya namna hiyo, Clay asingefika mbali na Dyloft yake.

Sheria hiyo haijawa yetu, lakini karatasi za kutia saini tayari zinapita, sokoni na mitaani, kila palipotokea hasara ya wengi. Ukiletewa moja, uliza nani ana mamlaka ya kupatana kwa jina lako, na kwa kiasi gani cha chini kabisa. Uliza ada inakatwa kabla au baada ya gharama. Na kama hasara yako ni ya mwili, uliza itakuwaje ukiugua zaidi mwakani, na jibu liandikwe kwenye karatasi hiyo hiyo kabla hujaigusa kalamu.