Wakati na Njeo: Istilahi za Kusahihisha Sentensi za Kiingereza

Mwanafunzi anayeingia sekondari huko Kibaha, au Minaki wilayani Kisarawe, aghalabu amesoma elimu ya msingi kwa Kiswahili, lugha iliyofanywa kuwa ya kufundishia katika ngazi hiyo tangu mwaka 1967. Afikapo Kidato cha Nne hutahiniwa na Baraza la Mitihani la Tanzania, chombo kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1973, na katika somo la Kiingereza hutakiwa, pamoja na mengine, kuandika upya sentensi kwa kufuata maagizo. Mengi ya makosa yake hapo hayatokani na uzembe, bali na sarufi ya Kiswahili anayoijua vema. Kwa hiyo mwalimu anayesahihisha hana budi kuwa na istilahi zinazoonyesha kosa liko wapi.

Tuchukue mfano wa kauli taarifa. Jana Juma alisema: "I am sick." Mwanafunzi anaandika: "Juma said that he is sick." Jibu linalotakiwa ni: "Juma said that he was sick." Pembeni mwalimu anaandika: "Kosa la wakati." Mwanafunzi akishangaa asilaumiwe, kwani wakati haukukosewa: Juma aliumwa papo hapo aliposema.

Katika Kiswahili twasema: "Juma alisema kwamba anaumwa." Kiambishi -na- hapa hupimwa kwa kitendo cha kusema, si kwa siku ya leo. Tukisema "alisema kwamba aliumwa", msikilizaji huelewa kuwa ugonjwa uliyatangulia maneno. Kiingereza hufuata njia nyingine. Kitenzi kikuu kikiwa katika umbo la wakati uliopita, kitenzi cha kishazi tegemezi nacho kwa kawaida hupewa umbo hilo, ijapokuwa tukio lenyewe halikusogea.

Yafaa basi tutenganishe istilahi mbili. Wakati ni pale tukio linapotokea: jana, leo au kesho. Njeo ni umbo la kitenzi ambalo lugha fulani hulitumia kuashiria wakati. Mwalimu akiandika "kosa la njeo katika kishazi tegemezi", mwanafunzi atajua la kurekebisha.

Vivyo hivyo kwa sentensi "Although he was sick, but he came." Kwa Kiswahili, "Ingawa aliumwa, lakini alikuja" ni usemi wa kawaida, Kiingereza hutosheka na kiunganishi kimoja. Maneno "sarufi mbaya" hayamfundishi mtu kitu. "Kiunganishi kimezidi" yanatosha.

Jambo hili haliishii darasani. Mtumishi anayefasiri kumbukumbu za mkutano akikuta "The chairman said that the road was bad", na maana ni ubovu wa siku ile ya mkutano, aandike: "Mwenyekiti alisema kwamba barabara ni mbaya." Akiandika "ilikuwa mbaya", wasomaji watadhani ilikwisha kutengenezwa, na fedha za matengenezo huenda zisiombwe.