Sukari ikishuka, huenda si njaa tu

Watu wengi wakisikia habari za sukari ya damu hufikiria ugonjwa wa kisukari, ambapo sukari huzidi. Lakini wapo wagonjwa ambao taabu yao ni kinyume cha hiyo. Sukari yao hushuka, wakati mwingine hadi wakazirai. Miongoni mwao ni wale wanaougua ugonjwa wa Addison. Kwa kuwa si ugonjwa wa kila siku, mtu anaweza kutibiwa malaria au vidonda vya tumbo kwa miezi kadhaa kabla ya kujulikana anaugua nini hasa.

Ugonjwa huu ulielezwa mwaka 1855 na Dkt Thomas Addison wa hospitali ya Guy's, London. Katika enzi hizo chanzo chake kikuu kilikuwa kifua kikuu. Siku hizi huko Ulaya chanzo kikubwa ni kinga ya mwili kuugeukia mwili wenyewe, lakini kwetu Afrika daktari hawezi kusahau kifua kikuu. John F. Kennedy, aliyekuwa rais wa Marekani, aligunduliwa kuwa na ugonjwa huu mwaka 1947, na akaishi nao kwa kutumia dawa.

Kwa nini sukari hushuka?

Juu ya kila figo kuna tezi ndogo iitwayo adrenali. Miongoni mwa homoni zinazotolewa na tezi hizi ni kotisoli, ambayo husaidia ini kutengeneza sukari wakati mtu hajala. Nyingine ni aldosteroni, ambayo huzuia chumvi isipotee kwenye mkojo. Mtu mzima wa afya hulala usiku kucha bila chakula na sukari yake ikabaki sawa. Mgonjwa wa Addison asiyepata dawa hana kinga hiyo, na watoto ndio huathirika zaidi.

Dalili za sukari kushuka ni kutetemeka, jasho jembamba, njaa ya ghafla, kuumwa na kichwa na kuchanganyikiwa. Dalili za Addison wenyewe ni uchovu usioisha, kukonda, kichefuchefu, hamu kubwa ya chumvi na kizunguzungu mtu anaposimama. Ngozi pia huwa nyeusi zaidi. Kwa sisi wenye ngozi nyeusi, tazama ufizi, mistari ya viganja na makovu.

Ikiwa una kisukari na unadunga insulini, kisha ghafla kipimo chako cha kawaida kikaanza kukuangusha mara kwa mara, mwambie daktari. Huenda tezi hizi zimeanza kudhoofika.

Sukari peke yake haitoshi

Hapa ndipo wengi hukosea. Mgonjwa akipewa chai ya sukari na kupata nafuu, jamaa hudhani mambo yamekwisha. Sukari ni huduma ya kwanza tu. Kinachokosekana ni homoni, na bila kurudishwa, sukari itashuka tena.

Kipimo kikionyesha chini ya milimoli 4 na mgonjwa anaweza kumeza, mpe vijiko vitatu au vinne vidogo vya sukari kwenye maji, au nusu gilasi ya soda yenye sukari. Pima tena baada ya dakika 15, kisha mpe chakula. Akiwa amezirai, usimtie kitu mdomoni. Mlaze kwa ubavu na umkimbize hospitalini.

Dawa yenyewe ni hidrokotisoni, ambayo watu wazima wengi humeza jumla ya miligramu 15 hadi 25 kwa siku, ikigawanywa mara mbili au tatu. Wengi huongezewa fludrokotisoni kwa ajili ya chumvi. Meza dozi ya kwanza mara tu unapoamka, maana alfajiri dawa ya jana huwa imekwisha mwilini. Ikiwa sukari yako hushuka asubuhi, zungumza na daktari kuhusu saa za dawa na chakula cha kabla ya kulala. Usijiongezee dawa kiholela, kwani ikizidi kwa muda mrefu huweza kuleta kisukari.

Unaposafiri

Tuseme unaishi mjini na unakwenda kuwaona jamaa Sericho, kaunti ya Isiolo. Huko kuna joto kali, na jasho huondoa maji na chumvi. Gari likikwama njiani unaweza kukaa saa nyingi bila chakula. Beba dawa za kuzidi siku za safari, maji, chumvi, glukosi na chakula kidogo. Usiache dawa juani ndani ya gari. Beba pia kadi inayoeleza ugonjwa wako, ili mhudumu wa zahanati asipoteze wakati kubahatisha.

Ukipata homa, kwa kawaida dozi huongezwa mara mbili. Uliza mapema daktari wako anataka ufanye nini. Ukitapika na dawa haikai tumboni, hiyo ni dharura. Mtu mzima huhitaji sindano ya hidrokotisoni ya miligramu 100, kisha maji ya chumvi na glukosi ya mshipani. Omba jamaa mmoja afundishwe kudunga sindano hiyo, kwa sababu hospitali huenda ikawa mbali.

Kama unatibiwa kifua kikuu, mkumbushe daktari kuwa una Addison. Rifampisini huiondoa hidrokotisoni mwilini upesi, kwa hiyo dozi huenda ikahitaji kuongezwa.

Kuhusu Ramadhani, muone daktari wiki kadhaa kabla ya mwezi kuandama. Kufunga kunaweza kushusha sukari na kukausha mwili, na dini imempa mgonjwa ruhusa ya kufungua. Lililo muhimu ni kwamba usiache dawa hata siku moja, uwe umefunga au hukufunga, uwe mgonjwa au unajihisi mzima.