Mkanda wa Jeshi: Siku Tatu Zinazopotea kwa Aibu

Mtu huanza kuhisi ubavu mmoja unawaka. Hakuna kidonda wala uvimbe, lakini hata shati likigusa ngozi anaruka. Anadhani amelala vibaya, anameza dawa ya maumivu. Siku chache baadaye vilengelenge vinajipanga kutoka mgongoni kuja kifuani, upande mmoja tu, mfano wa mkanda wa askari. Ndipo minong'ono inapoanza: ana mkanda wa jeshi, basi ana ukimwi.

Minong'ono hiyo ina chanzo. Miaka ya 1980 na 1990, kabla dawa za kufubaza VVU hazijaenea, mkanda wa jeshi uliwatokea vijana wengi walioambukizwa, na madaktari wa Afrika Mashariki wakauzoea kama dalili. Shirika la Afya Duniani liliuweka katika hatua ya pili kati ya nne za ugonjwa wa VVU. Dalili ilikuwa ya kweli. Kosa letu ni kuigeuza hukumu kwa kila mgonjwa, hata bibi wa miaka 70 ambaye kinga yake imechoka kwa umri tu.

Kirusi chenyewe ni kilekile cha tetekuwanga. Mtoto hupona, upele hukauka, lakini kirusi hakitoki mwilini. Hujificha kwenye mizizi ya neva kando ya uti wa mgongo, kikakaa humo miaka 30, 50 au zaidi, kinga ikikizuia. Mwaka 1965 Edgar Hope-Simpson, daktari wa kawaida katika mji wa Cirencester, Uingereza, alichapisha hoja kwamba mkanda si maambukizi mapya, bali ni kirusi cha zamani kinachoamka. Huamka kinga inapolegea: kwa uzee, VVU, saratani na tiba zake, dawa wanazopewa waliopandikizwa figo, au vidonge vya steroidi vya muda mrefu. Huamka pia kwa vijana wazima wasio na tatizo lolote. Marekani inakadiriwa kuwa mtu mmoja kati ya watatu atapata mkanda maishani mwake.

Kirusi hufuata njia ya neva moja, na kila neva huhudumia upande mmoja wa mwili. Ndiyo maana upele hausambai ovyo. Wapo wanaoamini kwamba ncha za mkanda zikikutana mgonjwa hufa. Si kweli. Mwenye mkanda hamwambukizi mtu mkanda, ila majimaji ya vilengelenge yanaweza kumpa tetekuwanga asiyewahi kuugua. Afunike upele, akae mbali na watoto wachanga, na wajawazito ambao hawajaugua tetekuwanga, na wenye kinga dhaifu.

Linaloniumiza ni muda unaopotea. Vidonge vya asiklovia, vilivyotokana na kazi ya maabara ya Gertrude Elion, mshindi wa Tuzo ya Nobel ya mwaka 1988, hufaa zaidi vikianzwa ndani ya saa 72 tangu upele utokee. Siku hizo tatu ndizo watu wanazojifungia ndani kwa aibu, wakipaka majivu na majani. Vidonda hukauka baada ya wiki chache, lakini kwa baadhi yao, hasa wazee, maumivu ya neva hubaki miezi, hata miaka. Mzee hawezi kuvaa shati wala kulala, na panadoli haimsaidii. Anahitaji dawa za neva kama amitriptilini, ambazo daktari ndiye wa kuzipima.

Ikiwa vilengelenge viko kwenye paji la uso, karibu na jicho au ncha ya pua, usisubiri kesho. Kirusi kinaweza kuingia jichoni na kuleta upofu.

Ukiuona mkanda, nenda kituo cha afya leo. Ukishauriwa kupima VVU, pima bila woga: yakikutwa maambukizi, dawa zipo na utaanza mapema. Na wewe jirani, badala ya kunong'ona, mtafutie mgonjwa usafiri.