Vilebu Sita wa Moshono

Msomaji wetu wa Moshono, Arusha, ana jirani ambaye mbwa wake amezaa sita, naye ameahidiwa mmoja. Anauliza achukue yupi. Mzee mmoja kamwambia awashike kwa ngozi ya shingo, awaninginize mmoja mmoja, achague asiyelia. Shemeji yake anasema achukue aliyenona kuliko wote. Yeye anataka mbwa wa kulinda ua, lakini ana watoto wawili wadogo na mama mkwe anayetembelea fimbo. Mwishoni kabisa, kama jambo la kupita, ameandika kwamba vilebu hao walifumbua macho wiki mbili zilizopita.

Hilo ndilo jambo kubwa katika barua yote. Kilebu hufumbua macho akiwa na wiki mbili hivi. Basi hao wa Moshono wana wiki nne, na msomaji wetu amefika mapema. Wengi wetu tunaletewa mbwa wakati umeshapita.

Habari za jike au dume, rangi na masikio nazipita. Bwana mifugo atamweleza vizuri. Kuhusu kuninginiza, watafiti wa Vienna waliwapima mbwa aina ya border collie wakiwa na siku 2 hadi 10, kisha siku 40 hadi 50, kisha ukubwani. Matokeo waliyoyatoa mwaka 2014 yanasema karibu kila walichokiona utotoni hakikutabiri tabia ya ukubwani. Kilichodumu ni hamu ya kuchunguza vitu. Hata Usa River, ambako shirika la African Wildlife Foundation hufundisha mbwa wa kunusa pembe za ndovu zinazofichwa bandarini na viwanja vya ndege, hawabahatishi kwa vilebu: huchagua mbwa waliokwisha kukua, wale wanaoupenda mpira kupita kiasi.

Sasa nije kwenye ninachokipenda. Mwaka 1961 Daniel Freedman, John King na Orville Elliot walichapisha jaribio walilolifanya katika maabara ya Jackson, jimbo la Maine, Marekani. Vilebu walilelewa na mama zao ndani ya kiwanja chenye uzio mrefu, chakula kikipitishwa bila mtu kuonekana. Kila kikundi kilitolewa mara moja tu, kikakaa na watu wiki moja, kikarudishwa: wengine wakiwa na wiki 2, wengine 3, 5, 7 au 9. Wachache hawakumwona mtu hadi wiki ya 14. Wa wiki 3 walimwendea mtu papo hapo. Wa wiki 5 walisita kidogo, kisha wakaja. Wa wiki 7 walihitaji siku mbili, wa 9 zaidi. Wale wa 14 walikuwa wanyama wa porini kabisa, ingawa mama zao walikuwa mbwa wa nyumbani kama wengine.

Ndani ya kilebu zinakua nguvu mbili, na hazikui pamoja. Udadisi unatangulia: kwenye wiki ya tatu kila kitu kinaendewa na kunuswa, iwe ni kiatu, kuku au mtu. Woga unaanza nyuma, unapanda polepole, na kati ya wiki ya 12 na 14 unaupita udadisi. Kilichokwisha kunuswa kabla ya hapo kinahesabiwa kuwa cha nyumbani. Kisichonuswa kinabaki kigeni.

Simama kwenye ujenzi wowote wa Njiro utawasikia mafundi: zege halilali. Ukishachanganya kokoto, mchanga, sementi na maji, hakuna kumalizia kesho. Mwanzoni limelegea mno. Andika jina lako kwa msumari, maandishi yanajifuta yenyewe. Huyo ni kilebu wa wiki mbili. Kisha inakuja saa nzuri, limeanza kushika lakini bado linapokea; kuku akikatiza, nyayo zake zitakaa hapo hadi wajukuu wazione. Baadaye ukiandika unakwaruza tu. Na fundi mzuri haondoki likishakauka juu. Analifunika kwa magunia, analimwagia maji siku baada ya siku, kwa kuwa zege huendelea kukomaa hadi siku ya 28 na zaidi. Vivyo hivyo kilebu aliyezoea watu kwenye wiki ya sita, kisha akafungiwa bandani hadi afikishe miezi minane, huanza kuwasahau. Mfano huu una ufa mmoja: mbwa mkubwa bado hufundishika, kwa subira nyingi. Tuendelee.

Vitabu hukiita kipindi hiki cha ujamiishaji. Kisarufi neno hilo halina kosa, ila limekaa jirani mno na kujamiiana, na msikilizaji hupotea hapo hapo. Nimelijaribu uzoeshaji, nikaliacha, maana linampa binadamu kazi yote, ilhali anayeinuka, anayesogea na kunusa ni kilebu mwenyewe. Lugha yetu inaye mzoevu tangu zamani. Basi na tuseme majira ya uzoevu, kama tunavyosema majira ya kupanda: yana kuja na yana kwisha.

Mwaka 2013 mtafiti Kathryn Lord alionyesha kwa nini majira haya ni ya mbwa hasa. Mbwamwitu (nawataja wale wa Ulaya na Amerika, si hawa wenye madoa wa Serengeti) huanza kuzurura wakiwa na wiki mbili, vipofu na viziwi, wakiongozwa na pua tu. Macho na masikio yanapoanza kazi, dunia inawashtua upya. Kilebu wa mbwa hutoka kwenye wiki ya nne, akiwa na pua, macho na masikio kwa pamoja. Anakutana nasi mara moja, mzima mzima.

Mbwa wengi wa Arusha hupitisha majira hayo katika banda nyuma ya nyumba, wakimjua anayeleta ugali na dagaa peke yake. Wakikua tunawasifu kwa ukali. Mimi naona ni woga, na mwoga hatofautishi mwizi na mama mkwe mwenye fimbo.

Chanjo zifuate ratiba ya daktari wa mifugo, ya kichaa cha mbwa isikosekane. Kabla hazijakamilika kilebu abebwe, asikanyage wanapopita mbwa wengine. Ahame kwa mama yake wiki ya nane.

Kama ni lazima nimtaje mmoja, namtaja yule ambaye funguo zikianguka anashtuka, kisha anarudi kuzinusa. Lakini wote sita wanamngoja msomaji wetu kuanzia leo. Aende kwa jirani na watoto wakae chini sakafuni, waache waendewe. Kesho kutwa aende na mtu mwenye ndevu, siku nyingine pikipiki iwashwe kwa mbali. Mama mkwe aende na fimbo yake. Na mwavuli, kwa kuwa masika yapo, aufungue taratibu.